Tulipomsemea Mama



Tumekuwa tukiusoma ukurasa huu kwa miaka mingi bila ya kuuchangia. Leo tunaandika kwa sababu ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe, tukitumaini kwamba mwenzetu mwenye mzazi mgonjwa huku ugenini halitamfika.

Sisi ni ndugu watatu, tunakaa Leicester, na mama yetu yuko nasi tangu mwaka 1998. Kwetu Tanga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Waliosoma kwake wanakumbuka kuwa hakuwa akimpitisha mtoto aliyesema "kiti yangu". Atasimama hapo hapo mpaka aseme "kiti changu", na hata huku Uingereza alitusahihisha sisi watu wazima mbele ya wageni.

Alfajiri moja ya Novemba 2022 tulimkuta amekaa kitandani, mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia kwa neno ambalo halikuwa marahaba wala neno lolote, akalirudia, kisha akatutazama kana kwamba sisi ndio tulioyaficha maneno yake. Hospitali walituambia ni kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba alichokuwa nacho kinaitwa afasia.

Baada ya siku chache alikuja mtaalamu wa tiba ya usemi, binti mpole, na kitabu cha picha. Kipimo kilikuwa cha Kiingereza. Mama alikuwa akikizungumza Kiingereza vizuri tu, lakini sasa kilikuwa kimeondoka kama mgeni asiyeaga. Mkalimani hakupatikana siku hiyo, na yule binti akatuuliza kama mmoja wetu angeweza kutafsiri. Tulikubali kwa furaha, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Alimuuliza mama anataka nini. Mama akajikaza, akasema, "Maji... kile... changu." Sisi tukasema kwa Kiingereza kwamba anaomba maji yake. Akamuuliza nani alikuja jana. Mama akasema, "Alikuja kesho... yule... wa mkono." Sisi tulijua kuwa jana alikuja mama mdogo, basi tukasema mama mdogo alikuja jana. Hatukukusudia kudanganya. Tulilelewa kumsitiri mzazi, na ni mtoto gani atasimama mbele ya mgeni aseme kwamba mwalimu huyu hawezi tena kupatanisha "maji" na "yangu"? Isitoshe, kwa Kiingereza neno la "yangu" halibadiliki, liwe la kiti au la maji, kwa hiyo hata tungetafsiri kwa uaminifu, kosa lile lingepotea njiani.

Ripoti ikaandikwa kuwa Kiswahili cha mama ni kizima kwa kiasi kikubwa, shida ni Kiingereza. Akapangiwa masomo machache, tena mepesi. Miezi miwili ikapita hivyo.

Ndipo akaletwa mkalimani wa kazi hiyo, mama mmoja wa Mombasa. Yeye alitoa kila neno kama lilivyotoka, na palipokuwa na kosa alilieleza. Mdogo wetu alikasirika, akamwambia, "Shangazi, mbona unamwaibisha mama?" Akajibu taratibu, "Mwanangu, hakuna anayetibu kidonda kilichofunikwa kwa kanga." Hatukuwa na la kusema. Mama alipimwa upya, na safari hii ugonjwa ukaonekana ulivyo.

Tangu hapo tulianza kusoma. Tulijifunza kuwa mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka "tan" tu, ilhali mengi aliyoambiwa aliyafahamu. Alipokufa, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza aina nyingine: mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno hayana maana, na anachoambiwa hakifahamu vyema. Kwa hiyo afasia si wazimu, si jini, wala si ukaidi. Tunasema haya kwa sababu wapo waliokuja kumtazama mama, wakamsikia akisoma Alhamdu bila ya kukosea, wakatunong'oneza kwamba basi anaweza, hataki tu. Kumbe yaliyohifadhiwa kwa miaka, kama vile dua, kuhesabu na nyimbo, mara nyingi hubakia wakati maneno ya kutunga papo hapo yamepotea.

Tulijifunza pia kwamba vipimo vina kwao. Kimoja kinachotumika sana, kilichochapishwa mwaka 1983 na wataalamu wa Boston, kina picha 60 za kutajwa majina. Miongoni mwake imo mbegu ya mwaloni na mnyama wa mito ya nchi za baridi anayeangusha miti kwa meno. Mtu wa Tanga akishindwa kuvitaja, ni kiharusi au ni jiografia? Michel Paradis wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliliona tatizo hili, na kipimo chake cha wenye lugha zaidi ya moja kilijulikana kwa kitabu cha mwaka 1987. Msimamo wake ni kwamba kipimo hakitafsiriwi tu, bali hutengenezwa upya kwa kila lugha, na mgonjwa hupimwa katika lugha zake zote. Wagonjwa wengi lugha zao hurejea kwa pamoja, lakini wengine moja hutangulia, na asiyepima zote hatajua.

Jamaa walitutisha kwamba miezi sita ikishapita, kilichobaki ndicho hicho. Si kweli. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti wa Ujerumani wa watu 156 ambao kiharusi chao kilikuwa kimeshapita miezi sita au zaidi. Waliopewa tiba ya usemi kwa wiki tatu au zaidi, saa 10 au zaidi kila wiki, walizungumza vizuri zaidi kuliko waliokuwa bado wanangoja. Kinachotakiwa ni mazoezi mengi, na hayo nusu yake ni kazi ya nyumbani.

Basi tulitengeneza picha zetu: kinu na mchi, ungo, mwiko, mkeka, mbuzi ya kukunia nazi. Siku alipoiona mbuzi, mama alicheka, akalia kama mbuzi wa zizini, kisha akafanya kwa mkono wa kushoto kama anayekuna nazi. Jina halikutoka, lakini akili ilikuwa yote pale, na mzaha wake. Mtaalamu pia alimfundisha njia iliyoanzishwa Boston mwaka 1973, ya kuyatamka maneno ya haja za kila siku kwa mahadhi, huku mkono wa kushoto ukigonga meza kwa kila silabi.

Mwaka jana mjukuu wake, aliyezaliwa hapa hapa, alipiga kelele jikoni, "Nani amechukua kiti yangu?" Mama akagonga meza mara nne. "Ki-ti cha-ngu." Mtoto akarudia. Sisi tuliacha vyombo kwenye sinki, hatukuweza kuendelea.

Bado hajapona. Kuna siku jina la mmoja wetu humponyoka kutwa nzima. Lakini hatumsemei tena. Tunangoja, hata dakika mbili, hata mbele ya wageni.

Nasaha zetu ni hizi. Ombeni mkalimani wa kazi hiyo, maana hospitali za serikali hapa Uingereza hazilipishi. Elezeni lugha zote alizonazo mgonjwa, na ipi alianza nayo. Mkilazimika kutafsiri wenyewe, toeni neno kama lilivyo, lililovunjika livunjike. Na mwenye mzazi nyumbani Afrika Mashariki ajue kwamba wataalamu hawa ni wachache lakini wapo. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuwafundisha mwaka 2008.

Tunaomba dua zenu, na mama anawasalimu. Salamu hizo amezisema mwenyewe.