Lodwar na Kakuma: Nchi Mbili Kando ya Barabara Moja

Msafiri atokaye Kitale kwenda kaskazini huacha mashamba ya mahindi, hushuka milima ya Wapokoti kwa njia ya Marich, na mara hujiona yu katika nchi nyingine: mchanga, miiba, upepo wa moto, na kundi la mbuzi likifuata fimbo ya mchungaji. Hiyo ndiyo Turkana. Mji wake mkuu ni Lodwar, kando ya mto Turkwel, ambako mikoma huota na wanawake husuka vikapu kwa makuti yake.

Zamani Lodwar ulihesabiwa kuwa mwisho wa dunia. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hiyo, mtu asiingie bila kibali. Na Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini huko tangu 1959 hadi 1961, mbali na watu wake. Leo ni makao ya Kaunti ya Turkana, na hesabu ya watu ya 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 80,000.

Kutoka Lodwar, barabara yaendelea kiasi cha kilomita 120 mpaka Kakuma, na kutoka hapo yaelekea mpaka wa Sudan Kusini. Ni huko Kakuma ambako, mwaka 1992, walifika maelfu ya vijana wa Sudan. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia kwanza, na vita vikawatoa huko pia. Kambi iliyofunguliwa kwa ajili yao, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, sasa ina watu zaidi ya 200,000 wa mataifa mengi, na wengi wao watoka Sudan Kusini.

Je, maisha bora yako upande gani wa mpaka? Sudan Kusini ina mto Nile, malisho mapana na mafuta ya petroli. Turkana ni nchi kavu. Mfugaji akiulizwa kwa macho tu, atachagua kule. Lakini miguu ya watu imekwisha kujibu. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 wengi walirudi kwao, na tarehe 9 Julai 2011 nchi yao ikapata uhuru. Vita vilipozuka Desemba 2013, njia ya Kakuma ilijaa tena. Waliacha malisho, wakafuata usingizi wa usiku na shule ya watoto.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba mkimbizi amefika peponi. Hupewa mgao wa chakula, na watoto wake husoma; lakini hawezi kwenda Kitale bila ruhusa, wala hana ardhi. Mwenyeji wake Mturkana huenda apendako, na nchi ni yake; lakini ukame ukiua mbuzi wake, hana mgao wa kila mwezi wa kutegemea. Mmoja ana chakula bila njia. Mwingine ana njia bila chakula.

Wawili hao hukutana asubuhi. Mwanamke wa Kiturkana huja kambini na mzigo wa kuni kichwani, akarudi nyumbani na unga. Mgao ulipopunguzwa miaka hii ya karibuni, mkimbizi hakuwa na unga wa kubadilisha, na watoto wa mwenye kuni walilala na njaa pia. Ndipo ilipoonekana kwamba nyumba hizo mbili zapikia jiko moja.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Kakuma amekaa zaidi ya miaka 30. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeahidi kumfungulia njia ya kufanya kazi. Ahadi hiyo ikitimizwa kweli, na mwenyeji naye akipata maji, shule na soko pamoja na mgeni wake, hapo haitakuwa tena lazima kuuliza ni nani kati yao aishiye vema.