Taa za Kigoma

Vita ilipoanza tena Agosti 1998, sisi wa Baraka tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, bila hata kibatari. Kwetu mwanga uliita risasi. Basi tulipokaribia Kigoma tukashtuka: ziwa zima karabai! Kumbe wavuvi tu, wanavua dagaa, wale tunaowaita ndagala.

Tanzania haikuwa vitani. Asubuhi pale Kibirizi akina mama walianika dagaa mchangani, wakibishana bei na kucheka. Cheko lile lilituudhi kidogo, tuseme ukweli. Ng'ambo milima yetu ilionekana, na baba amebaki kule. Mama mmoja akatugawia sahani, akauliza: "Mko wangapi?" Tukahesabu watoto kwanza. Baba hatukujua tumhesabu wapi.