Shajara ya Chumba cha Kompyuta, Ujiji

Jumapili, 27 Desemba 2020

Nimeshinda nikisoma leseni ya Flash Player, kifungu kwa kifungu. Mwisho wa mwezi huu Adobe wanaacha kuihudumia, na tarehe 12 Januari yenyewe itaanza kukataa kufungua chochote. Wengi hapa mjini wanaona ni programu iliyozeeka, basi. Kwetu sisi tunaotumia Linux shida ilianza zamani, na chanzo chake ni leseni.

Mashine zetu zote zina Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Mfumo huo ni huria: unaruhusiwa kuunakili, kuugawa, hata kufungua ndani na kurekebisha. Lakini masomo ya fizikia na jiografia yaliyokuja kwenye CD yametengenezwa kwa Flash, nayo si huria. Leseni yake inakupa ruhusa ya kuitumia kwenye kompyuta yako. Kuisambaza, hata kwenye mtandao wa ndani wa shule, kunahitaji kibali cha pili, cha kuombwa Adobe. Imekataza pia kuitumia kwenye vifaa visivyo kompyuta za kawaida, tableti zikiwemo.

Ndiyo sababu kifurushi cha Ubuntu cha kuweka Flash ni kitupu. Ukikiita kinatoka kwenda kuitafuta Flash kwenye intaneti. Aliyeko Dar es Salaam hajui hata kama kimetoka. Huku kwetu chumba hakina intaneti, kwa hiyo ni bando la simu ya mwalimu, mashine moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Waya wa ndani ungeimaliza kazi yote kabla ya chai ya saa nne, na hicho hasa ndicho kisichoruhusiwa bila kibali.

Jumatano, 30 Desemba

Gnash inanigusa zaidi kila nikiirudia habari yake. Rob Savoye na wenzake wa mradi wa GNU walitaka kuunda kichezeshi huria cha mafaili ya Flash. Wakati huo, aliyetaka kusoma maelezo rasmi ya muundo wa mafaili hayo alipaswa kwanza kukubali kwamba hatatengeneza kichezeshi. Kwa hiyo walihitaji watu ambao hawakuwa wamekubali leseni ile, wachunguze mafaili yenyewe na kubaini yanavyofanya kazi. Adobe waliondoa sharti hilo Mei 2008. Miaka hiyo yote ilikwisha kupotea, na Gnash haikuwahi kuifikia Flash Player yenyewe.

Jumatatu, 4 Januari 2021

Nimepita mtaa wa Mwanga kununua kebo. Fundi akasema, “Mwalimu, unajitesa bure. Lete hizo mashine niziwekee Windows ya kuchakachua, Flash itapanda mara moja.” Anasema kwa wema, na kazi yake anaijua. Nikamjibu kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, na siwezi kusimama mbele ya watoto na kitu cha wizi. Akacheka. “Sawa, Mwalimu, lakini watoto watasoma nini?”

Swali hilo ni la haki. Nimerudi nalo nyumbani.

Jumanne, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, shule kimya. Ziwa Tanganyika limepanda mno. Njia za chini kule Kibirizi zimo majini, nimezunguka kwa juu.

Nimefungua CD. Badala ya somo kikatokea kialama cha kuarifu kwamba muda wake umekwisha. Yapo matoleo ya kabla ya katikati ya mwaka jana yasiyo na kufuli hilo, na wapo wanaoyatafuta. Mimi sitaki. Hakuna atakayeziba tena mianya yake.

Nimejaribu Ruffle, kichezeshi kipya kilicho huria. Internet Archive walianza kukitumia Novemba kuokoa michezo na katuni za zamani. Michoro miepesi ya CD imecheza vizuri kabisa. Masomo yaliyoandikwa kwa lugha ya baadaye ya Flash yamegoma, Ruffle bado haijafika huko. Jiografia karibu yote imo katika kundi hilo.

Fizikia ina ahueni kubwa. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ulikuwa na maonyesho mengi ya Java na Flash. Kwa miaka kadhaa sasa wanayaandika upya kwa HTML5. Kila onyesho ni faili moja. Unalipakua mara moja, kivinjari chochote kinalifungua pasipo intaneti, na leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa ilmradi utaje chanzo. Saketi za umeme za kidato cha pili sasa zimo kwenye kila mashine, kwa waya wa ndani.

Ijumaa, 29 Januari

Habari kutoka Afrika Kusini. Mamlaka yao ya mapato, SARS, ilikuwa bado na fomu za kodi za Flash. Wametoa kivinjari chao wenyewe ili fomu zifunguke, nacho ni cha Windows pekee. Raia mwenye Linux anadaiwa kodi ileile, ila mlango wa kuijazia fomu hana. Hili limenikasirisha kweli. Shughuli ya umma haifai kusimama juu ya programu ambayo mwenyewe anaweza kumchagulia mwananchi mfumo wa kompyuta.

Jumamosi, 6 Februari

Tumeanza kutengeneza upya somo la Ziwa Tanganyika. Kurasa za kawaida za HTML, ramani tunachora kwa Inkscape: nchi nne, kina cha mita zipatazo 1,470, mto Malagarasi unapoingia, Lukuga unapotokea. Binti wa kidato cha tatu ndiye anayeshika ramani, mkono wake umetulia. Aliuliza, “Mwalimu, chini tuandike haki zote zimehifadhiwa?” Ameliona hilo kwenye kila kitabu. Tumejadiliana darasa zima, tukakubaliana iandikwe kwamba yeyote anaweza kunakili, kubadilisha na kugawa, ataje tu shule. Mmoja akasema basi hata Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wanaweza kuitumia, wao waongeze upande wao.

Bado video mbili za CD ambazo sina ruhusa ya kuzigusa. Hizo itabidi tupige zetu.