Mashabiki wa Mwimbaji

Muhula huu yamesemwa mengi mabwenini juu ya waimbaji na wachezaji wa mpira, na mengi zaidi juu ya watu wawapendao. Nimemsikia mwanafunzi akimwambia mwenziwe kwamba hawezi kula naye meza moja, kwa kuwa mwenziwe yule ni wa upande wa mwimbaji fulani. Waliosikia walicheka. Mimi sikucheka, si kwa sababu mimi ni mwema kuliko wao, bali kwa sababu niliwahi kucheka kicheko cha namna hiyo, nacho kikanigharimu. Nimeona si vibaya nikieleza habari yenyewe.

Mwaka 2018 nilikuwa na umri wa miaka 12, nikisoma darasa la sita. Nilikaa Ngamiani, hapa Tanga, pamoja na Bibi mzaa mama na dada yangu, ambaye alikuwa amemaliza shule na kujipatia riziki yake kwa kusuka nywele. Mjomba alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila jioni alikuja kunywa kahawa barazani kwa Bibi.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Coastal Union. Kwa wale waliotoka mikoa mingine, yafaa nieleze kwamba mji wa Tanga una klabu mbili kongwe za mpira. Ya kwanza ni African Sports, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo watu wake huitwa Wana Kimanumanu. Ya pili ni Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948, nao huitwa Wagosi wa Kaya. Mwaka 1988 Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mjomba aliuona ubingwa ule kwa macho yake akiwa kijana, na hadithi yake ilikuwa haiishi. Aliisimulia hata nami nikawa naisimulia shuleni, nikinyoosha mkono kuonyesha mpira ulikopita, kana kwamba nilikuwapo.

Lakini mwaka 2016 lilitupata jambo zito. Klabu tatu za Mkoa wa Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka kutoka Ligi Kuu kwa msimu mmoja. Mkoa mzima ukabaki hauna timu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, Coastal Union ilipanda tena, nasi tukafurahi kama watu waliorudishiwa mali yao iliyopotea.

Basi katika furaha ile ndipo ilipokuja habari ya ajabu: Coastal Union imemsajili Ali Kiba. Ndiyo, Ali Kiba yule yule mwimbaji, aliyejulikana nchi nzima tangu wimbo wake wa Cinderella. Mwaka ule ule alikuwa amecheza mechi ya hisani pamoja na Mbwana Samatta huko Dar es Salaam, na watu walijua kwamba anaupenda mpira. Lakini kucheza mechi ya hisani ni jambo moja, na kuvaa jezi ya Wagosi wa Kaya katika Ligi Kuu ni jambo jingine.

Dada alikuwa akimpenda mwimbaji huyo tangu utoto. Aliposikia habari ile alifungua kibweta chake, akatoa fedha za kusukia alizokuwa ameziweka, akaenda akanunua jezi ya Coastal Union. Alipoivaa mara ya kwanza, Mjomba alimtazama kutoka utosini hata nyayoni.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe wajua kuotea ni nini?"

"Sijui, Mjomba. Nitajifunza."

Mjomba akatikisa kichwa, akanigeukia mimi. "Hawa ni mashabiki wa kuja na upepo. Upepo ukigeuka, nao huondoka."

Maneno yale nikayashika. Wala hayakuwa ya Mjomba peke yake. Wakati ule vijana wa nchi hii walikuwa wamegawanyika pande mbili, wengine wa Ali Kiba na wengine wa Diamond Platnumz, wakitukanana kwa simu usiku na mchana. Kwa hiyo mashabiki wa mwimbaji walipofika uwanjani, sifa mbaya ilikuwa imewatangulia. Ilisemwa kwamba hawaujui mpira, kwamba wamefuata sura, kwamba wanawapandishia bei wenyeji. Nami kusema kweli nilimchukia mwimbaji yule kwa sababu ya mashabiki wake tu. Wimbo wake hata mmoja sikuwa nimeusikiliza hadi mwisho.

Siku moja ya mechi, Dada alinichukua kwenda uwanja wa Mkwakwani. Alinilipia kiingilio, akaninunulia na karanga. Mwimbaji hakucheza siku hiyo, na Dada alikuwa akinyoosha shingo kila mara kutazama benchi. Nyuma yetu walikaa wanaume watu wazima. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Dada, rudi nyumbani ukasikilize redio. Hapa hapaimbwi." Wenziwe wakaangua kicheko.

Dada aligeuka, lakini hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nadhani alitaka niseme neno, au hata nimshike mkono tu. Nami nilikuwa mtoto wa kiume katikati ya wanaume, nikitaka nionekane Mgosi kamili. Nikageuza uso, nikacheka pamoja nao.

Hakusema kitu. Tulitazama mpira hadi mwisho, tukarudi kwa miguu. Njiani aliniuliza neno moja tu: "Mwaka 1988, wewe ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, maana mwaka ule hata mama yetu alikuwa hajaolewa.

Jioni Dada hakula. Mjomba alipokuja barazani nilimsimulia kisa kile kama mzaha, naye akacheka sana. Bibi alikuwa akichambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Kaeni kitako nyote wawili," akasema. "Nyinyi mwadhani mambo haya yameanza leo?"

Ndipo alipotusimulia habari za taarabu ya Tanga, wakati vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipokuwa vikisikika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Black Star walitia magitaa katika taarabu na kuipa mwendo wa kuchezeka, na watu wakubwa wengi wakasema hiyo si taarabu. Bibi alikuwa msichana wakati huo, na mwimbaji aliyempenda alikuwa Shakila Said, mtoto wa Pangani.

"Tukienda kumsikiliza tulisemwa," Bibi akaeleza. "Walisema hatujui mashairi, twafuata magauni na marashi. Lakini mimi niliyajua mashairi yale yote kwa moyo. Hakuna aliyepata kuniuliza."

Kisha akasema jambo ambalo hata Mjomba, mtoto wake wa kumzaa, hakuwa amelisikia. Shakila alipotoka Black Star na kwenda kuimba Lucky Star, Bibi alimfuata. Shoga yake, ambaye walikuwa wakivaa kanga za sare, alibaki na Black Star, akamwambia Bibi kwamba yeye hakuipenda taarabu hata siku moja, alimpenda mtu. Bibi naye akajibu neno baya. Wakanuniana. Shoga yule baadaye akahamia Mombasa, hawakuonana tena.

"Shakila alipofariki, mwaka 2016," Bibi akasema, "palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye nilitaka kulia naye. Nami nilikuwa nimempoteza kwa ubishi wa ukumbini. Nyimbo ninazo zote, za Black Star na za Lucky Star. Shoga sina."

Barazani pakawa kimya. Mjomba akajikohoza, akaanza kusema kwamba mpira si kama taarabu, kwamba mpira wataka watu wa kudumu. Bibi hakumwacha amalize.

"Na wewe, mwanangu, timu iliposhuka daraja mwaka huo huo, jezi yako uliniletea nifanye nini?"

Mjomba akainamisha macho. Mimi nilijua, na nyumba nzima ilijua. Alimletea Bibi aifanye tambara la kudekia.

Ningependa kuandika kwamba usiku ule ule nilimwomba Dada msamaha, lakini ningewadanganya. Nilikuwa na kiburi cha kitoto, nikaona kwamba jambo lile litapita lenyewe. Dada aliendelea kunifulia sare na kuniuliza habari za masomo, ila hakunichukua tena uwanjani. Alikwenda peke yake.

Ali Kiba hakucheza mechi nyingi Coastal Union, na hakudumu. Alirudi katika muziki wake. Nilingoja kuona jezi ya Dada nayo itakwenda wapi, maana Mjomba alikuwa amekwisha kutabiri. Lakini kila timu ilipocheza nyumbani, kama hakuwa na kichwa cha kusuka, Dada aliivaa akaenda.

Mwaka mmoja nikiwa likizo nilitafuta kalamu katika kibweta chake, nikakuta kaunta buku kuukuu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mwimbaji iliyokatwa gazetini, imebandikwa kwa gundi. Kurasa zilizofuata zilikuwa na mechi za Coastal Union, kila moja na tarehe yake, matokeo na majina ya wafungaji. Mwanzoni aliandika pia kama mwimbaji alicheza au hakucheza. Kurasa chache mbele habari hiyo ilikoma, na badala yake akawa anaandika juu ya mabeki, makipa, na mahali pamoja alichora mistari kujieleza kuotea ni nini. Nikaitafuta siku ile yetu. Nikaiona. Chini ya matokeo hakuwa ameandika habari za wale wanaume, wala za kicheko. Alikuwa ameandika maneno matano: "Leo nimekwenda na mdogo wangu."

Nilikirudisha kibweta mahali pake kama nilivyokikuta, nikaenda kukaa uani.

Tarehe 2 Julai 2022 Coastal Union ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na Yanga, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid huko Arusha. Tuliitazama nyumbani kwa jirani: Bibi kitini, Mjomba mkekani, Dada na jezi yake iliyokwisha kupauka. Abdul Suleiman, aitwaye Sopu, alitufungia mabao matatu peke yake. Baada ya dakika 120 ilikuwa 3 kwa 3, na Yanga wakatushinda kwa mikwaju ya penalti. Mjomba aliondoka kabla ya penalti ya mwisho, akisema moyo wake hauwezi. Dada alibaki hata kombe lilipotolewa, machozi yakimtiririka, akipiga makofi.

Tulipokuwa tukirudi ndipo nilipomwomba radhi kwa siku ile ya Mkwakwani. Nilidhani atasema amesahau. Akasema, "Sikusahau. Lakini nilijua utakua." Kisha akaniuliza kama Sopu atabaki nasi msimu ujao. Hakubaki, alikwenda Azam. Na Dada hakumfuata Azam, ingawa sidhani kwamba angekuwa amekosa kama angemfuata.

Ndugu wanafunzi, sisemi kwamba kila wafanyalo mashabiki ni jema. Wako watukanao, na matusi ni matusi hata yakitolewa kwa jina la msanii mzuri. Lakini makosa ya mmoja tumewabebesha wote, na makosa ya wote tumembebesha mwimbaji ambaye hata nyimbo zake hatuzijui. Tena twapenda kuuliza mtu ameanza kupenda lini, na kwa sababu gani, kana kwamba sisi wenyewe tuliingia kwa mlango ulio bora. Mimi niliingia kwa hadithi za Mjomba, na Dada aliingia kwa wimbo. Baada ya miaka minne mimi nilikuwa na hadithi zile zile, naye alikuwa na daftari lililojaa.

Waimbaji huhama vikundi na wachezaji huhama klabu, hiyo ndiyo kazi yao. Yule ambaye leo hutaki kula naye meza moja hatahama nao. Atakuwa kitanda cha pili kutoka chako mpaka mtihani wa mwisho, na huenda siku moja yeye peke yake ndiye utakayetamani kulia naye. Bibi yangu angali yu hai, na akiombwa aimbe huimba, ila kuna wimbo mmoja ambao huukatiza katikati kila mara. Sikupata kumwuliza kwa nini. Nadhani sehemu iliyobaki ilikuwa ikiimbwa na shoga yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita