Kiatu cha Mkimbiaji wa Kati

Katika shule nyingi za Kericho na Bomet wakimbiaji ni wa namna tatu. Wako wanaokimbia kwa kuwa mwalimu wa zamu amesimama nyuma yao na hawana hila ya kumkwepa. Wako wachache mno, pengine mmoja katika miaka kumi, waliojaliwa mapafu na miguu ya kwenda mbali, na hao hawakawii kuonekana. Baina ya makundi hayo liko la tatu, kubwa na lisilotajwa sana: vijana wanaoweza kukimbia kilomita nane bila ya kusimama, waliokwisha kuvaa fulana ya shule yao mashindanoni mara moja au mbili, wanaozipenda mbio kwa moyo, walakini si mabingwa, na wengi wao hawatakuwa. Ikiwa wewe msomaji ni mmoja wao, maneno haya ni yako, nayo yanahusu jambo moja tu, yaani kiatu.

Huenda ukaona kuwa jambo hili ni dogo. Mwanzo aweza kukimbia kwa raba yoyote, kwa sababu hakimbii sana hata imdhuru. Bingwa huletewa viatu bure, na wako watu ambao kazi yao ni kumshauri. Mtu wa kati hana mshauri. Anakimbia vya kutosha kuumizwa na kiatu kibaya, lakini hakimbii vya kutosha mtu mwingine akamnunulia kizuri. Atakachovaa kitatoka katika fedha ya nyumbani, na fedha ya nyumbani katika nchi hii ya chai, wewe waijua, ina majira yake. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa majani aliyopeleka kituoni, kisha mara moja kwa mwaka hupata bonasi. Katika bonasi hiyo mna karo, mna mabati, mna deni la duka, mna ng'ombe aliyeahidiwa tangu mwaka juzi. Kiatu cha mbio kinasimama mwisho wa foleni hiyo, na kikifikiwa, hakitafikiwa tena mwaka huo. Kwa hiyo ukikosea hukosei peke yako.

Kabla ya kutazama kiatu, tazama ardhi. Nchi yetu iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na haina uwanda. Barabara za mashamba ya chai ni za changarawe nyekundu, zinashuka mpaka mtoni na kupanda tena ng'ambo, na mvua ya alasiri huzigeuza utelezi katika muda wa nusu saa. Watu husema kwamba kilima ndicho kinachomuumiza mkimbiaji. Si kweli. Kilima humchosha tu. Kinachomuumiza ni mteremko. Katika kupanda, mguu huinuliwa na kuwekwa. Katika kushuka, mwili mzima huangukia mguu mmoja, misuli ya mapaja hujinyoosha hali inajikaza ili kuuzuia, na unyayo husukumwa mbele ndani ya kiatu mpaka vidole vigonge ukuta. Ukiona kijana mwenye ukucha mweusi wa kidole gumba, usimwulize alipanda wapi. Mwulize alishuka wapi.

Ardhi ndiyo inayochagua kiatu, na hata wakubwa hawakuweza kuukana ukweli huo. Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo, alipokuwa wa tatu katika mbio za mita 800. Miaka minne baadaye, mjini Mexico, alikuwa wa pili. Njia ya Tokyo ilikuwa ya makaa yaliyosagwa, ambayo hudai misumari mirefu ya kuuma chini. Ile ya Mexico ilikuwa ya kwanza katika Olimpiki kutandikwa kitu kinachofanana na mpira, nayo haitaki zaidi ya misumari mifupi. Mtu ni mmoja, umbali ni ule ule, na bado ardhi ilibadili masharti chini ya nyayo zake. Basi kijana wa Litein au Sotik anayefanyia mazoezi yake njiani mwa mashamba anapata faida gani kuuliza wakimbiaji wa barabara za lami za Berlin wanavaa nini?

Najua kuna msomaji ambaye sasa atanyosha mkono kumtaja Abebe Bikila. Ni kweli Mwethiopia huyo alishinda mbio ndefu za Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli pia kwamba aliposhinda tena mjini Tokyo mwaka 1964 alikuwa amevaa viatu, na akakimbia kwa kasi zaidi, ingawa wanaopenda kisa cha kwanza husahau cha pili. Mwaka 2010 mtaalamu Daniel Lieberman na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi uliowahusisha pia vijana wa Bonde la Ufa: waliozoea kukimbia pekupeku tangu utoto aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, si kwa kisigino, na kishindo chao huwa chepesi. Neno zito hapo ni "waliozoea". Aliyevaa viatu kwa miaka kumi kisha akavivua siku moja na kushuka mteremko wenye kokoto hajawa Bikila, amekuwa mgonjwa.

Tatizo la mtu wa kati si la wakimbiaji peke yao. Uko mchezo wa nchi za baridi ambao watu huteremka milima ya theluji wakiwa wamefungwa mbao mbili nyembamba miguuni, ziitwazo skii. Usidhani ni mchezo usiotuhusu kabisa: Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko Korea Kusini. Wauzaji wa skii wanamfahamu vizuri mtu wa kati. Skii za bingwa ni ngumu na ndefu. Hazikubali kupinda ila kwa mwenye kasi kubwa na mapaja ya chuma, na asiye navyo humchukua zitakako zenyewe. Skii za mwanzo ni laini na fupi. Humtii upesi, lakini akiongeza mwendo hutetemeka chini yake. Mtu wa kati hushauriwa kutwaa zenye ugumu wa wastani, zikisimamishwa zimfikie baina ya kidevu na paji la uso, na azichague kwa mteremko anaoushuka leo. Hata hivyo wengi wao hununua zile za bingwa. Ugonjwa huo unapatikana duniani kote, penye theluji na penye matope.

Hapa kwetu ugonjwa huo una rangi ya waridi au ya chungwa. Ni kile kiatu chenye sponji nene na bamba la kaboni ndani yake, ambacho namna yake ilivaliwa na Eliud Kipchoge mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, nanyi nyote mnaijua tarehe hiyo, alipokimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Viatu hivyo vina nguvu kweli, hata wakuu wa riadha duniani waliamua mwaka 2020 kwamba soli ya viatu vya mbio za barabarani isizidi milimita 40 na mabamba yasizidi moja. Lakini bamba hilo hulipa deni lake kwa yule anayekwenda mbio sana, juu ya lami iliyonyooka. Kwenye changarawe, sponji ndefu na laini humfanya mtu awe kama amesimama juu ya godoro: kokoto moja tu yatosha kupindua kifundo. Soli ya chini ni nyembamba, haina meno ya kushika matope. Na sponji yenyewe huchoka mapema.

Mwaka mmoja, majira ya bonasi, nilifuatana na msichana wa kidato cha tatu na mama yake mpaka duka moja mjini. Msichana alikuwa mkimbiaji wa mita 3,000, wa kati hasa. Muuza viatu, kijana mchangamfu, aliushika mkono wa mama kwa adabu akamwonyesha jozi iliyong'aa.

"Mama, hivi ndivyo vya Kipchoge."

Mama akavigeuza, akatazama soli, akatazama bei, ambayo ilikuwa karibu nusu ya fedha aliyokuja nayo. "Na Kipchoge," akauliza, "huteremka kwenda mtoni kwetu?"

Kijana akacheka. Kisha mama akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe umesoma. Huyu mtoto atafika wapi?"

Msomaji, swali hilo halikuwa la viatu. Msichana alikuwa amesimama pale akinisikiliza, na kama ningalisema hatafika mbali, ningalikuwa nimemvunja moyo. Na kama ningalisema atafika Olimpiki, ningalikuwa nimezitumia fedha za mama kwa uongo. Nikasema, "Mama, afike kwanza mwisho wa muhula bila kuumia." Tukachagua jozi ya kawaida, ya rangi ya kijivu, nyepesi, yenye soli ya wastani na meno mafupi chini. Kilichobaki kilikwenda kwenye karo. Msichana hakunisemesha kwa muda wa wiki nzima, wala sikumlaumu, maana kitu kizuri ni kizuri na ujana ni ujana. Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata alikimbia bila kukosa zoezi hata moja, akawa wa tatu katika kaunti ndogo, na hapo ndipo safari yake ya mashindano ilipokoma. Bado anakimbia.

Sasa nikuambie jinsi ya kukijaribu kiatu, kwa sababu hapa ndipo wengi hufanya haraka. Nenda alasiri, wala si asubuhi, kwani mguu huvimba kidogo kwa kutwa nzima kama unavyovimba katika kukimbia. Vaa soksi utakazokimbilia. Simama wima, si kukaa, kisha upime nafasi iliyo mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengine si kidole gumba: upana wa kidole gumba cha mkono unatosha. Kisigino kishikwe kisipande unapotembea. Halafu utafute ngazi au mteremko nje ya duka, ushuke. Muuzaji akikataa usitoke nje, shuka ngazi zake. Vidole vikigonga mbele, kirudishe, hata kama kimependeza kama tausi.

Wazazi wetu wana desturi ya kununua kiatu kikubwa ili mtoto akue ndani yake. Kwa kiatu cha darasani ni busara. Kwa cha mbio ni hatari, maana mguu uliolegea huteleza kila unaposhuka, ukachubuka kisigino na kuponda kucha. Lakini pia tukumbuke kwamba bonasi huja mwishoni mwa mwaka na mashindano ya riadha huanza muhula wa kwanza, na mguu wa kijana hausubiri kalenda. Ukiwa bado unakua, ile nafasi ya kidole gumba usiipunguze hata kidogo, na ziada ndogo uifunge kwa kamba: tundu la juu kabisa, ambalo watu hulidharau, limewekwa ili kukaza kisigino.

Wengi wenu mtanunua mtumba, nami siudharau, kwani katika soko la mtumba nimeona viatu bora kuliko vya madukani. Ila usidanganywe na rangi iliyosuguliwa kwa sabuni. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja kimekwisha kujifunza mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza sponji kwa kidole. Ikiwa imekuwa ngumu na ina makunyanzi mengi ubavuni, maisha yake yamepita. Kiatu cha mazoezi aghalabu huchukua kilomita 500 hadi 800, na anayekimbia kilomita 40 kwa wiki atazimaliza katika wiki kumi na mbili hadi ishirini. Mwenyewe wa kwanza huko ng'ambo hakukitupa kwa bure.

Kuhusu uzito, fahamu kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa katika kiatu kimoja kimoja humgharimu mkimbiaji nguvu zaidi kwa takribani asilimia 1. Ni kitu, lakini si kikubwa kama majeraha ya wiki sita. Kuhusu umbo la unyayo, kwa muda mrefu wauzaji walisema mwenye unyayo bapa avae hiki na mwenye unyayo wa upinde avae kile. Askari wa Marekani waligawiwa viatu kwa kanuni hiyo, wakachunguzwa, na ikaonekana haikuwapunguzia majeraha. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake, walitoa rai iliyo rahisi mno kwa wauzaji kuipenda: mguu wenyewe huhisi kiatu kinachoufaa, nacho ni kile kinachoustarehesha. Kiatu kinachouma dukani hakitaacha kuuma njiani. Na kikishachaguliwa, usikivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Mjini Berlin mwaka 2015 hata nyayo za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka zikapepea nje ya visigino vyake. Alishinda hivyo hivyo kwa saa 2 na dakika 4, mguu umechubuka. Wewe na mimi tungaliketi kando ya barabara.

Kisha vitalowa, maana hii ni Kericho. Toa nyayo za ndani, fungua kamba, vijaze magazeti makavu, uyabadilishe baada ya saa moja au mbili, uviweke penye upepo. Usivitundike juu ya meko kama wafanyavyo wengi, kwani moto huilegeza gundi na kuikausha sponji. Gazeti la jana linatosha.