Safari ya Maji ya Wami

Mto Wami hujulikana sana pwani kaskazini ya Bagamoyo, lakini ni wachache walioifuata njia yake. Maji yake hushuka kutoka milima ya Ukaguru na Unguu, na mengine huletwa na Mkondoa upitao Kilosa. Hupita Dakawa penye mashamba ya mpunga, kisha huingia nyika ya Saadani, ambayo tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa.

Tulipanda mashua tukateremka nao. Viboko walijizamisha, mamba walijianika ukingoni. Mbele kidogo miti ya bara ilikoma, ikaanza mikoko. Tulichota maji tukayaonja: yana chumvi.

Hapo mto na bahari hushindana kila siku. Mto ukijaa, huisukuma chumvi nje; ukipungua, bahari hupanda ndani. Katika mikoko hiyo hukulia kamba wachanga, ambao wakikomaa ni riziki ya wavuvi wetu. Na juu zaidi, watu wa Chalinze hunywa maji ya mto uo huo.

Basi, enyi vijana, mwenye kufyeka msitu mlimani humpunguzia chakula mvuvi asiyemjua, na mwenye kuchota kupita kiasi humwachia jirani yake chumvi. Dini yetu yatukataza israfu ya maji ya udhu, hata tukiwa kando ya mto utiririkao. Je, yafaa tuikumbuke amri hiyo penye birika tu, tuisahau penye mto wenyewe?