Ndege Yangu Ndogo

Ndugu msomaji, nataka kukueleza jambo lililonipata mwaka 2018, nilipokuwa nikiishi Leicester, Uingereza.

Huko nilijiunga na chama cha warushaji wa ndege ndogo. Ndege hizi hazina rubani ndani. Mtu husimama chini na kuziongoza kwa redio aliyoishika mkononi. Yangu niliiunda mwenyewe kwa balsa, mti mwepesi sana. Kazi hiyo ilinichukua miezi mitatu.

Jumamosi tulikwenda uwanjani. Mzee mmoja aliniuliza, "Umewahi kuongoza ndege inayokujia?" Sikuwahi. Lakini niliona haya, nikasema, "Ndiyo."

Ndege iliruka vizuri. Nikaigeuza ili irudi. Hapo nikababaika, maana ndege ikikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Ilianguka hatua chache tu kutoka alipokaa mtoto. Bawa likavunjika. Bawa huungwa kwa gundi. Je, mtoto angeungwa kwa nini?

Usiku sikulala vizuri. Jumapili nilimwendea yule mzee nikamwambia kweli. Hakunicheka. Alisema, "Ndege ikikujia, tazama bawa lililoinama. Sukuma kijiti upande ule ule." Alisimama karibu nami mpaka ndege ikatua salama.

Ndugu msomaji, sisi watu wazima huona haya kusema, "Sijui." Lakini kuuliza si ujinga. Je, wewe umeacha kuuliza jambo gani kwa sababu ya haya?